KIPANDE SI ZAWADI YA RAIS



Tangu Februari 2025, Rais alipotia saini tangazo lake kule Wajir ati msasa wa vitambulisho kwa wananchi wa kaunti za mpakani umekwisha, kila tukikaa na viongozi wetu tunaambiwa tushukuru. Mheshimiwa anasimama kwenye hafla, anashika maikrofoni, anasema tumewaletea vitambulisho. Watu wanapiga makofi. Sisi tunauliza: mmetuletea kutoka wapi? Kwani vilikuwa vyenu?

Tusieleweke vibaya. Msasa ule ulikuwa dhulma, na mtu akipunguza dhulma anaambiwa ahsante, awe nani. Lakini kuna tofauti kati ya kurudishiwa mali yako na kupewa zawadi. Aliyekunyang'anya mkoba miaka sitini akikurudishia hakupi zawadi. Na kabla hujashangilia, fungua mkoba utazame ndani kuna nini.

Fungueni Katiba ya 2010, Kifungu cha 12. Kinasema kila raia ana haki ya kupata pasipoti ya Kenya na hati yoyote ya usajili au utambulisho ambayo Serikali huwapa raia. Halafu kinaendelea: hati hizo zinaweza kunyimwa, kusimamishwa au kuchukuliwa tu kwa mujibu wa sheria ya Bunge, tena sheria inayotimiza masharti ya Kifungu cha 24. Si kwa waraka wa afisi. Si kwa "hapa kwetu ndivyo tunavyofanya". Nendeni sasa Kifungu cha 14. Wewe ni raia wa kuzaliwa iwapo siku uliyozaliwa baba yako au mama yako alikuwa raia. Baba AU mama. Hakisemi babu. Hakisemi baba ya babu. Hakitaji ukoo, wala jina, wala kanzu.

Sasa chukua kijana wa Mji wa Kale hapa Mombasa, au wa Kibera, au wa Eastleigh, au wa Faza. Amemaliza kidato cha nne, ametimiza miaka 18. Mwenzake waliyekaa dawati moja, ambaye jina lake halina Abdi wala Swaleh ndani yake, anakwenda na cheti cha kuzaliwa na nakala ya kitambulisho cha mzazi, anapigwa picha, anachukuliwa alama za vidole, anarudi nyumbani kula chakula cha mchana. Huyu wetu anaambiwa alete na kitambulisho cha babu. Babu amekufa. Basi alete cheti cha kifo. Babu alizikwa kabla ya alasiri kama sunna inavyotaka na hakuna aliyekumbuka cheti. Basi alete cha bibi.

Hapo kwa bibi tukae kidogo, maana ndipo upuuzi unapojionyesha wazi. Wanawake wa nchi hii hawakuwa wakisajiliwa kwa vitambulisho mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 1978. Kipande cha mkoloni kilikuwa cha wanaume, wakikining'iniza shingoni kwenye kikebe cha bati ili mzungu ajue nani ametoroka shambani. Kwa hiyo bibi aliyefariki mwaka 1975 hakuwahi kuwa na kitambulisho, si kwa sababu alikuwa mgeni, bali kwa sababu Serikali yenyewe haikumpa mwanamke yeyote. Leo Serikali hiyo hiyo inamwambia mjukuu wake alete karatasi ambayo yenyewe haikuichapa. Na afisa anayeuliza hilo swali, bibi yake mwenyewe naye hakuwa nayo. Tofauti ni kwamba yeye hakuulizwa.

Baada ya hapo inakuja kamati. Wazee wamekaa, chifu yuko, mtu wa usalama yuko. Ukoo wako ni upi? Taja jina la babu wa babu. Zungumza lugha ya kwenu tusikie. Mtoto aliyezaliwa Majengo, lugha yake Kiswahili na mambo ya Arsenal na Man U, anatakiwa athibitishe Ukenya wake kwa lugha ambayo hata mamake hajui vizuri. Akibabaika, rudi mwezi ujao. Mwezi ujao kamati haikukaa. Wa baadaye mwenyekiti amesafiri. Wa Faza analipa nauli ya boti kwenda na kurudi kila mara, na wengine wamehesabu safari hizo kwa miaka.

Na katika miaka hiyo yeye si mtu. Hana laini ya simu kwa jina lake, kwa hiyo hana M-Pesa. Hana PIN ya KRA, hana akaunti, hana cheti cha tabia njema, haajiriwi hata kuwa mlinzi wa lango. Mkopo wa HELB hauoni. SHA inataka kitambulisho. Kupiga kura hawezi. Msako wa usiku ukipita mtaani, yeye ndiye wa kwanza kupanda lori, kwa sababu anaulizwa ile karatasi ambayo Serikali imemnyima. Waulizeni watu wa Eastleigh waliobebwa mwaka 2014 katika operesheni ya Usalama Watch wakawekwa uwanja wa Kasarani. Mwenye kitambulisho aliambiwa ni bandia, asiye nacho aliambiwa ni mgeni.

Haya hayakuanza jana. Novemba 1989 Serikali ilitangaza kuwapiga msasa Wakenya wote wenye asili ya Kisomali, wakapewa kadi ya rangi ya waridi juu ya kitambulisho chao. Raia mmoja karatasi moja, raia mwingine karatasi mbili. Wanubi, ambao wazee wao walipigana vita vya Mwingereza katika King's African Rifles wakaachwa Kibera, walilazimika kwenda mpaka nje ya nchi kutafuta haki. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia haki za watoto ilisema Kenya imewakosea watoto wa Kinubi. Mwaka 2015 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ikasema imewakosea na wazazi wao, ikaitaka nchi iweke vigezo vilivyo wazi visivyobagua. Miaka imepita. Vigezo viko wapi? Kibera si mpakani, kwa hiyo hata hilo tangazo la Wajir Mnubi anabaki kuuliza kama linamhusu.

Na kuna wale ndugu zetu wa Garissa, Wajir na kwingineko ambao miaka ya ukame wazazi wao waliwapeleka Dadaab ili wapate unga na dawa. Wakachukuliwa alama za vidole kama wakimbizi. Mtoto hakujua, mzazi alikuwa akitafuta chakula ambacho Serikali yake haikumpelekea. Alipofika miaka 18 mashine ikasema wewe ni mkimbizi. Raia wakageuzwa wageni na kompyuta, maelfu kwa maelfu. Ilibidi waende kortini, na Mahakama Kuu ya Garissa ikawapa haki yao mapema mwaka 2025. Korti, si hafla.

Najua jibu litakalokuja, maana tumelisikia tangu Rais atie saini. Wapo wanasiasa waliosema kuondoa msasa ni kufungulia mlango magaidi na wapiga kura wa kutoka nje. Hoja ya usalama haitudharaulishi, wallahi. Waliouawa katika Chuo Kikuu cha Garissa Aprili 2015 walikuwa 148, na hakuna Muislamu mwenye akili anayelala vizuri akikumbuka siku ile. Lakini hebu tuitazame hoja yenyewe. Mmoja wa wale wauaji alikuwa mtoto wa chifu wa Mandera, msomi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Aliyeongoza shambulio la DusitD2 Januari 2019 alikuwa Mkenya aliyelelewa humu humu. Hao msasa ungewazuia vipi? Walikuwa raia. Swali la nani amekuwa muuaji haliwezi kujibiwa kwa kuuliza jina la babu yake.

Na anayetaka kuingia kwa hila haji mbele ya kamati na viatu vilivyochanika akisema babu hakuwa na cheti. Anakuja na bahasha. Hapo ndipo penye ugonjwa. Mlango ukiwa mwembamba na mlinzi wake ana njaa, anayepita ni mwenye pesa, anayebaki nje ni mwenye haki. Kila mtu mtaani anajua kwamba kuna "haraka" na kuna "kawaida". Msasa haukuwa ukuta wa usalama. Ulikuwa kibanda cha ushuru. Anayetaka usalama wa kweli asajili kila mtoto siku anayozaliwa, hospitalini na nyumbani kwa mkunga, ili akifika miaka 18 pasiwe na la kumuuliza. Hiyo ni kazi ngumu ya utawala, inataka makarani, stakabadhi, pikipiki za kufika vijijini. Kuunda kamati ya wazee ni rahisi zaidi, na inalipa.

Tukifika hapo kwa wazee, tuseme na ukweli wa nyumbani. Ndani ya kamati hizo hawakukaa watu kutoka mwezini. Walikaa wazee wetu, wa vilemba na bakora, wengine wanaosimama safu ya mbele msikitini. Wapo waliomtetea kila mtoto wa mtaa, Allah awalipe. Na wapo waliomkataa mtoto wanayemjua tangu akiwa na nepi kwa sababu baba yake alikuwa upande mwingine wa siasa, au kwa sababu hapakutoka kitu. Wazee wa aina hiyo wasitutolee mawaidha ya dhulma ya Nairobi. Na waheshimiwa wetu nao: miaka minne kimya, wa tano unaona gari la usajili limeegeshwa uwanjani na bango lenye picha yao. Kitambulisho chako kimekuwa mtaji wa kura ya mtu.

Sasa turudi kwenye mkoba. Ndani yake kuna nini? Tangazo. Tangazo si sheria. Sheria ya Usajili wa Watu, Sura ya 107, iko pale pale. Kifungu chake cha 8 kinampa msajili uwezo wa kudai ushahidi zaidi, na kinatoa nafasi ya kuundwa kamati za kusaidia kuhakiki habari. Hakisemi kamati hizo ni za Mnubi, Msomali au Mswahili peke yao. Huo ubaguzi uliongezwa na mikono ya watu, gizani, na mikono hiyo hiyo bado iko kazini. Kilichotolewa kwa kalamu ya Rais mmoja kinaondolewa kwa kalamu ya Rais mwingine, na hata bila kalamu: simu moja kwa afisa wa kaunti inatosha. Na chifu bado ndiye wa kuthibitisha kwamba wewe ni mtu wa hapa. Kama kamati ya watu kumi imebadilishwa na chifu mmoja, tumepunguza viti tu.

Tazameni mtindo wenyewe. Wamakonde walitembea kwa miguu kutoka Kwale mwaka 2016 ndipo Rais wa wakati ule akaagiza wapewe vitambulisho. Washona wakangoja sherehe ya Jamhuri Dei ya 2020. Wapemba wa Kilifi na Kwale wakangoja mpaka 2023. Kesi zao ni tofauti kidogo na yetu, kwa sababu wao walikuwa hawatambuliwi kabisa na sisi tunatambuliwa kwa mashaka. Lakini njia ni ile ile: haki inakaa kabatini mpaka Rais apate siku ya kuitoa mbele ya kamera. Nchi yenye Katiba haiendeshwi kama nyumba ya sultani ambapo watu wanangoja Idi ndio wapewe.

Tunachotaka ni Bunge libadilishe Sura ya 107 kabla ya uchaguzi wa 2027. Iandikwe ndani yake ni karatasi zipi zinazotosha, na ziwe zile zile Nyeri na Mandera. Iandikwe muda, kwamba ombi likipita siku kadhaa bila jibu, afisa ndiye aeleze na si mwombaji. Na mzigo wa ushahidi uwe kwa anayedai kwamba wewe si raia. Wabunge wa Pwani na wa Kaskazini wakiungana wana idadi ya kutosha kuuleta mswada huu na kuusumbua usilale. Hawahitaji ruhusa ya Ikulu.

Wakati tunangoja, kijana usikubali kujibiwa kwa mdomo. Sheria ya Utekelezaji wa Haki wa Kiutawala ya 2015 inakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi unapochukuliwa hatua na afisi ya Serikali. Ukiambiwa rudi mwezi ujao, mwambie kwa adabu: "Mheshimiwa, naomba uniandikie ni karatasi gani inayokosekana na ni sheria gani inayoitaka." Wengi hapo hapo hukumbuka kwamba kumbe fomu yako ilikuwa sawa. Asipoandika, andika wewe: tarehe, afisi, jina lililo kwenye kibandiko chake kifuani, alichosema. Peleka barua ukidai habari chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, wana siku 21 za kukujibu. Weka nakala ya kila kitu, na risiti za nauli pia. Kisha tutumieni ujumbe kwenye ukurasa huu, pamoja na wale mnaongoja tangu kabla ya tangazo. Tunataka kujua tangu Wajir ni wangapi walioambiwa msasa umekwisha na bado wakaulizwa babu.