Tusingoje Ndevu za Beberu

Askari wengi wanaofuga mbuzi nyuma ya kota zao humhesabu beberu kuwa amekomaa siku aotapo ndevu na kutoa harufu kali. Sisi twaona hesabu hiyo imechelewa, na kuchelewa huko ndiko kunakoliharibu kundi. (Beberu tunayemtaja ni wa zizini, si yule wa siasa.)

Korodani hazingoji ndevu. Ndani yake vimo vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za mwili, na kila kimoja kina zamu yake kama walinzi wa langoni. Vile vya chembe za Leydig hushughulika na kuunda testosteroni, homoni ya udume. Vingine huonekana pale tu mbegu zinapoanza kuumbwa. Kimojawapo ni laktati dihidrojenezi aina ya X, kilichoelezwa na wataalamu mwaka 1963, ambacho huipatia mbegu nguvu ya kuogelea. Haialuronidezi nayo hukaa kichwani mwa mbegu, ikingoja kazi ya kuyeyusha ute unaolizunguka yai. Mtaalamu akivikuta vimeng'enya hivyo vikiongezeka katika korodani za mbuzi mchanga, hujua kwamba mbegu zi njiani, ijapokuwa mnyama mwenyewe bado aonekana mtoto.

Nao huwa mtoto kweli. Wapo madume wawezao kutia mimba wakiwa na miezi minne au mitano tu. Mimba ya mbuzi huchukua siku zipatazo 150. Basi mfugaji aliyewaacha madume hao pamoja na mama zao na dada zao atashtukia vitoto dhaifu kabla mwaka haujaisha, tena vingine vimezaliwa na majike ambao wenyewe hawajamaliza kukua. Hapo atalaumu malisho, atalaumu daktari, atalaumu hata jirani.

Hapa Uganda jambo hili lawahusu askari kuliko wanavyodhani. Katika mpango wa kuzalisha mali ulioanza mwaka 2013, wanajeshi walipangwa majimboni kusimamia ugawaji wa miche, mbegu na mifugo kwa wananchi. Mwenye kumkabidhi mwananchi mnyama huwa mwalimu wake pia, atake asitake.

Wapo wasemao kwamba kuhasi mapema humdumaza mbuzi. Ni kweli kuwa dume asiyehasiwa huongeza uzito upesi zaidi, lakini kilo hizo chache haziwezi kulipia kundi lililozaana ndugu kwa ndugu. Madume watengwe na majike wafikapo miezi mitatu. Wale wa nyama wahasiwe kwa koleo, na mganga wa mifugo awepo. Anayewekwa kwa ajili ya mbegu asichaguliwe kwa pembe: apapaswe korodani, zionekane zote mbili, zilingane, ziwe ngumu kiasi, na mzunguko wake upimwe kwa utepe. Mwenye korodani moja, hata akiwa na umbo zuri namna gani, apelekwe machinjioni.