Ushuru wa mazao: Tuulize unakwenda wapi

Mkulima wa tangawizi wa Mamba au Gonja akiulizwa serikali yake iko wapi, mara nyingi atamtaja Mkuu wa Mkoa aliyeko Moshi au Mkuu wa Wilaya aliyeko Same mjini. Ni jibu linaloeleweka, kwani hao ndio anaowaona kwenye ziara. Lakini kwa fedha inayokatwa kwenye gunia lake, huko siko pa kuuliza.

Tuanze na hesabu. Kisheria, ushuru wa mazao hulipwa na mnunuzi, na risiti huandikwa kwa jina lake. Mzigo wa Sh500,000 ukitozwa asilimia 3, ushuru ni Sh15,000. Mchuuzi anajua kuwa geti linamsubiri, kwa hiyo anaitoa fedha hiyo kwenye bei kabla hajafungua mkoba. Kisha anaipunguza bei mara ya pili, kwa sababu gari lake litapanda na kushuka barabara ya utelezi, na pengine litalala njiani. Mkulima anakatwa kwa ajili ya ushuru, halafu anakatwa tena kwa ubovu wa barabara ambayo alidhani ushuru huo ungeitengeneza.

Si kwamba hakuna nafuu iliyopatikana. Mwaka 2003 Serikali ilifuta kodi ya maendeleo pamoja na tozo nyingi za kero. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kwenda halmashauri nyingine akasamehewa. Lakini kupunguza kiwango ni jambo moja, na kujua fedha iliyobaki inafanya nini ni jambo lingine.

Hapa ndipo tunapotakiwa kuelewa mfumo wetu. Wapo wanaotamani mikoa yetu ingekuwa kama majimbo ya Kanada. Kule yapo majimbo 10, kila moja na bunge lake la kuchaguliwa, na katiba yao ya mwaka 1867 iliyaachia majimbo mamlaka makubwa juu ya ardhi ya umma, madini na misitu. Jimbo la Alberta limeamua kutotoza kodi yake ya mauzo, wakati majirani zake wanatoza. Mwananchi asiporidhika anajua ni nani wa kumnyima kura.

Mkoa wetu si jimbo. Kwa ibara ya 61 ya Katiba, Mkuu wa Mkoa anateuliwa na Rais. Mkoa hauna baraza la kuchaguliwa, wala hautungi sheria ndogo ya ushuru. Mamlaka hayo yako kwa Halmashauri ya Wilaya, yaani kwa madiwani tunaowapigia kura. Na tangu mwaka 2017 barabara za wilaya ziko chini ya TARURA, ambayo haiwajibiki kwa Baraza la Madiwani. Hivyo anayekusanya ushuru ni mmoja, na anayechonga barabara ni mwingine. Mkulima akilalamika, kila mmoja anaweza kumwonyesha mlango wa mwenzake.

Wala tusidhani kuwa madaraka makubwa peke yake ni dawa. Majirani zetu Wakenya waliunda kaunti 47 kwa Katiba ya mwaka 2010, na kaunti hizo zimetengewa si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Hata hivyo wafanyabiashara wa mazao huko wamelalamika mara nyingi kwamba mzigo mmoja unatozwa ushuru kila unapovuka mpaka wa kaunti. Fedha kuwa karibu na mwananchi hakutoshi iwapo haulizi.

Na Upare tuna historia ya kuuliza. Miaka ya 1940 utawala wa Mwingereza ulileta kodi ya kukadiria mali ya kila mtu, ikaitwa mbiru. Mwezi Januari 1945 maelfu ya watu walishuka milimani wakaenda kwenye boma la Same. Wanawake nao waliingia katika mapambano hayo. Hawakukataa kulipa kodi; walichokataa ni namna ya kuikadiria na wale waliopewa kazi ya kukadiria. Hatimaye mbiru ikaondolewa.

Napendekeza Baraza la Madiwani la Same liazimie kwamba angalau robo ya ushuru unaotoka katika kila kata irudi kwenye kata hiyo, kwa kazi moja inayoonekana: ghala, mfereji, au mchango kwa TARURA kwa ajili ya kipande kibovu kinachojulikana. Nasema robo, si yote, kwa sababu zahanati na madarasa yanahitaji fedha, na wenzetu wa tambarare za Makanya na Hedaru, ambako mvua ikikosekana hakuna cha kutozwa, nao ni wananchi wa wilaya hii.

Wazee wetu waliendesha ndiva kwa kanuni hiyo hiyo. Mtu alikwenda kwenye msaragambo kwa sababu aliyaona maji yakifika shambani kwake. Asingechimba mfereji mwaka hadi mwaka bila kujua unamwagilia wapi.

Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila baada ya miezi mitatu. Mkutano ujao usiishie kwenye matangazo. Diwani aalikwe, aulizwe mambo matatu: kata yetu imetoa ushuru kiasi gani msimu huu, kimerudi kiasi gani, na kimefanya kazi gani. Majibu yaandikwe na kubandikwa ubaoni. Diwani asiyekuwa na majibu apewe muda wa kuyatafuta hadi mkutano unaofuata. Akija tena mikono mitupu, kura ipo.