Bendera ya Gari na Fahari ya Msafiri



Nenda ukasimame mpakani Lunga Lunga siku za likizo, wakati jamaa wa Mombasa, Kwale na Malindi wanapovuka kwenda Horohoro, na kutoka hapo Tanga, kwa arusi, kwa maulidi, au kwa kumtazama shangazi aliye mgonjwa. Yatazame magari yaliyopanga foleni. Hili lina bendera mbili zimechomekwa kwenye vioo vya milango, zimepigwa na upepo hata zimechanika ncha. Lile limebandikwa nyuma stika ya nchi yake, kubwa kuliko namba ya gari. La tatu limetoka mbali, na mlango wake mzima umejaa vibendera vya kila nchi liliyoipita, vimepangwa mstari kama nishani kifuani mwa askari. Na la nne ndilo lililonikalisha kitako kuandika haya: kwenye bampa, karibu na bomba la moshi, pamebandikwa bendera ya kijani yenye Kalima ya Shahada, na juu ya herufi zile limerukia tope la njia nzima.

Mwenye gari hilo la nne ni Muislamu, wala sidhani kwamba alikusudia ubaya. Nitamrudia. Kwanza tuulizane: bendera hizi zote zimebandikwa kwa ajili gani?

Wengine watakwambia, "Ni ili tujulikane." Basi kujulikana kuna utaratibu wake wa zamani. Tangu mkataba wa Paris wa mwaka 1909, dola ziliafikiana kwamba gari linalovuka mpaka lichukue nyuma yake kibao cheupe cha umbo la yai, chenye herufi nyeusi za kuonyesha lilikotoka. Mkataba wa Geneva wa 1949 na ule wa Vienna wa 1968 ikalithibitisha jambo hilo, hata ikapima kimo cha herufi: kisipungue sentimita 8. Kwetu herufi zilizopangwa ni EAK kwa Kenya, EAT kwa Tanzania, EAZ kwa Zanzibar na EAU kwa Uganda. Waingereza waliokuwa wakiandika GB wamegeuza, na tangu tarehe 28 Septemba 2021 wanaandika UK. Herufi hizi hazina kiburi ndani yake. Zinamwambia askari gari limetoka wapi, basi. Na angalia, msomaji wangu, zetu sote zinaanza na Afrika Mashariki, kisha ndipo inapofuata herufi ya nchi. Waliozipanga walikuwa wakoloni, lakini hapo walitusadifu.

Kwa hivyo haja ya kujulikana imekwisha kutimizwa na kibao hicho, na namba ya gari, na pasi yako ya safari. Kinachozidi hapo si kujulikana tena. Kinachozidi ni fahari. Hata dola yenyewe haikuiacha bendera yake ichezewe: Kenya ina sheria ya bendera na nembo za taifa, Sura ya 99, inayozuia kupeperusha bendera ya taifa juu ya gari ila kwa wakubwa wachache waliotajwa. Sisi tunaipeperusha juu ya gari la kukodi, mpaka inafifia kwa jua na kuwa tambara, halafu tunasema tunaipenda.

"Lakini Mtume (s.a.w.) naye alikuwa na bendera," huniambia vijana. Naam, alikuwa nazo. Jeshi lilihitaji bendera ili watu wajue pa kukusanyika, na kila kabila lilikuwa na yake. Lakini someni habari yote, msikate kipande. Mwaka wa 8 wa Hijra, siku ya kuingia Makka, bendera ya Ansari ilikuwa mkononi mwa Saad bin Ubada, mkubwa wa Khazraj, mtu mwenye sifa zake katika Uislamu. Saad alipopita mbele ya Abu Sufyani alishikwa na hamasa, akatamka kwamba siku ile ni siku ya kumwaga damu na kwamba Makureshi watadhilika. Maneno yale yakafika kwa Mtume (s.a.w.). Akayakataa, akasema kwamba siku ile ni ya kutukuzwa Al-Kaaba. Kisha, kwa riwaya iliyo mashuhuri, akaamuru bendera iondolewe mkononi mwa Saad na apewe mwanawe, Qays. Bendera haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa majivuno ya aliyeishika, akanyang'anywa.

Na Mtume mwenyewe aliingiaje? Wanahistoria wa Sira wameeleza kwamba aliingia juu ya ngamia wake akiwa ameinamisha kichwa kwa unyenyekevu, hata ndevu zake zikakaribia kugusa tandiko. Huyo ni mshindi anayeingia katika mji aliofukuzwa. Wewe unaingia Tanga kwenda kula biriani ya arusi, na umeweka bendera pande mbili.

Mwengine atatoa kauli ile inayosomwa sana misikitini, kwamba kupenda nchi ni katika imani. Kauli hiyo wanavyuoni wa hadithi wameikagua, na As-Saghani ameihesabu katika maneno ya kuzuliwa. Kuipenda nchi ni tabia aliyoumbiwa mtu, haina lawama, Mtume (s.a.w.) alipoihama Makka aliiaga kwa uchungu, akaeleza jinsi anavyoipenda. Hakuna anayekukataza kuipenda Mombasa yako au Unguja yako. Lakini mapenzi ni kitu kimoja na kujitapa ni kitu chengine. Suratul Hujurat imetufunza kwamba tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane. Aliyefika kwa jirani na kumpigia honi na bendera hataki kujuana naye. Anataka atazamwe.

Tena, ndugu msomaji, fikiri jambo hili: unapobandika bendera umekuwa msemaji wa watu mamilioni ambao hawakukutuma. Ukilipita gari la mwenzio kwa ubavu, ukitupa chupa njiani, ukibishana na askari wa forodha, hawatasema fulani bin fulani. Watasema, "Wakenya hao," au "Watanzania hao." Na ile nchi uliyoibandika haikai hali moja. Leo ina amani na jirani yake, kesho wamegombana, na wewe uko katikati ya njia na watoto ndani ya gari.

Wengi wetu tuna jamaa Ghuba, kwa hiyo mfano wa huko tunaujua. Tarehe 5 Juni 2017 Saudi Arabia, Imarati, Bahrain na Misri zilikata uhusiano na Qatar, na Saudi ikaufunga mpaka wa Salwa, ndiyo njia ya pekee ya nchi kavu ya Qatar, njia ambayo watu wa Doha walikuwa wakiipita na magari yao kwenda Umra. Imarati ikatangaza kwamba mwenye kuionyesha Qatar huruma, kwa maneno au kwa maandishi, aweza kufungwa kuanzia miaka 3 hadi 15. Dini moja, lugha moja, wakwe na mashemeji pande zote. Ile stika ya rangi nyeupe na damu ya mzee, iliyokuwa pambo tu mwezi wa Mei, mwezi wa Juni imekuwa kitu cha kumfikisha mtu mahakamani. Mpaka ulikaa umefungwa hata Januari 2021.

Waulizeni na Waislamu wa Bosnia. Vita vyao vilikwisha mwaka 1995, lakini kwa muda mrefu baadaye mtu aliogopa kulipeleka gari lake upande wa pili, kwa sababu namba ya gari ilimtangaza ni wa kundi gani. Dawa iliyopatikana mwaka 1998 ilikuwa namba mpya zisizosema lolote: hazina jina la mji wala nembo ya kundi, na herufi zake zikachaguliwa zile tu zinazofanana katika maandishi ya Kilatini na ya Kisirili, yaani A, E, J, K, M, O na T. Baada ya hapo watu wakaanza kuvuka kwenda kuzuru makaburi na nyumba zao. Na huko Kosovo na Serbia, kuanzia Oktoba 2021 mpaka mwanzo wa 2024, madereva walibandika stika juu ya namba zao mpakani ili kuzifunika alama za dola, baada ya malori kuziba njia kwa ugomvi wa namba hizo. Wenzetu wanabandika stika ili kuficha, nasi tunanunua za kuonyesha!

Pia wako wanaobandika bendera isiyo yao ili wapite kwa salama. Vijana wa Kimarekani wamesifika kwa kushona jani la Kanada kwenye mikoba yao wanapotembea nchi za watu. Huo ni uwongo ulioshonwa kwa uzi, na Muislamu asiufuate hata kama njia ni ngumu. Akiogopa, na asibandike chochote.

Sasa nimrudie yule ndugu wa bampa. Bendera ya Saudi Arabia ina Kalima, na Wasaudi wenyewe wameihifadhi kwa ajili hiyo: haishushwi nusu mlingoti hata akifa mfalme, na hushonwa ili maandishi yasomeke sawasawa pande zote mbili. Mwaka 1994, siku za Kombe la Dunia, kampuni ya McDonald's ilipoichapa kwenye mifuko ya chakula, Waislamu walikasirika kwa sababu mifuko ile mwisho wake ni jaani. Tuliwalaumu wasiokuwa Waislamu kwa mfuko wa karatasi. Tutamwambia nini mwenzetu aliyeiweka Kalima mahali panapofikiwa na moshi, tope na mikojo ya mbuzi, na panapopanguswa kwa tambara lililotoka kufuta magurudumu?

Ndugu yangu, kama unayo, usingoje safari nyengine. Lipeleke gari uani, si kwa waosha magari wa barabarani. Imwagie stika maji ya moto, uinue ncha taratibu kwa kucha au kwa kijiko, ili herufi zisikwanguke vipande vipande. Gundi itakayobaki itatoka kwa mafuta ya taa. Karatasi yenyewe usiitie katika pipa la taka: ichome, kama Sayyidna Uthmani alivyoamuru zichomwe nakala za Mus-hafu zilizoondolewa, au ichimbie pahala pasipokanyagwa. Mwite na mwanao, naye akushikie kopo la maji.