Malezi ya Vijana: Safu ya Gwaride na Safu ya Sala

Wazazi wengi huuliza: je, ukadeti wa shuleni humfaa kijana wa Kiislamu, au humpotosha?

Huko Marekani mafunzo haya ya jeshi yamo mashuleni tangu mwaka 1916. Kijana hufundishwa gwaride, unadhifu wa sare, kuchunga wakati, kutii amri, na akipanda cheo, kuwaongoza wenziwe. Wala halazimiki kuwa askari baadaye. Haya yote ni mema, wala si mageni kwetu: sisi hunyoosha safu mara tano kila siku.

Lakini utii una mpaka. Mwaka 2011, katika jimbo la Tennessee, binti mmoja wa Kiislamu aliambiwa kuwa hataandamana katika gwaride ila avue hijabu. Hakuivua, alitoka kikosini. Watetezi wa haki za Waislamu wakawaandikia wakubwa barua, na kabla ya mwaka kwisha jeshi likaruhusu kadeti wavae hijabu, na Masingasinga vilemba vyao.

Basi enyi wazazi, msimzuie mtoto gwaride, wala msimpeleke moyo mtupu. Mfundisheni kwanza amri ipi hutangulia nyingine. Ajuaye hayo humtii mkubwa wake kwa moyo safi, na pasipofaa hukataa kwa adabu. Asiyejua, hata sare yake ikipigwa pasi vipi, ndani amekunjamana.

Wabillahi tawfiki.