Tambi na Sukari Hazimtoshi Mtoto



Wodini kwetu huletwa watoto waliodhoofu kwa utapiamlo. Tukimwuliza mama mtoto anakula nini, mara nyingine hujibu kwa fahari: "Tambi, sista, tena za sukari." Mama huyo amegharamika dukani, kumbe mchicha uko nyuma ya nyumba yake.

Tambi ni nini basi? Ni ngano na maji. Pamoja na makaroni na spageti ni jamii moja ya chakula ambacho Waitalia hukiita pasta. Kwao, tangu mwaka 1967 sheria imetaka pasta kavu inayotengenezwa na kuuzwa nchini humo iwe ya ngano ngumu. Ngano hiyo husagwa iwe chengachenga za njano, hukandwa kwa maji, kisha donge husukumwa kwenye matundu ya chuma. Tundu jembamba hutoa tambi. Lenye kipini katikati hutoa makaroni yenye uwazi. Mwisho hukaushwa. Zamani, mjini Gragnano karibu na Napoli, zilianikwa barabarani. Siku hizi hukaushwa kwa mashine.

Kila umbo lina kazi yake. Tambi nyembamba hufaa kwenye supu, spageti hupenda mchuzi wa nyanya, na makaroni hubeba mchuzi mzito ndani yake.

Sisi hatusemi tambi ni mbaya. Gramu 100 kavu zina protini ipatayo gramu 12. Lakini protini ya ngano peke yake ina upungufu, na maharage huujaza. Waitalia maskini walilijua hilo jikoni, ndiyo maana tangu zamani hupika pasta pamoja na maharage. Sukari haijazi lolote.

Kwa hiyo, akina mama, pikeni hivi: chemsheni maji mengi, tieni pasta, iveni bila kuwa rojo, chujeni. Changanyeni na maharage au dagaa, nyanya, mchicha na mafuta kidogo. Kwa mtoto mdogo aliyekwisha pita miezi sita, ivisheni zaidi na kuponda. Mgonjwa wa kisukari ale kidogo, isiyorojeka, kwani hiyo hupandisha sukari polepole kuliko mkate mweupe.

Tambi za sukari kwa nazi na iliki tuziachie sikukuu. Siku nyingine, sahani ya mtoto iwe na mboga na maharage.