Daftari la wiki: wenye kijia

Mahakama ya Juu ya Uingereza imekata shauri: umma una haki ya kupiga hema na kulala katika nyika ya Dartmoor. Sheria ya mwaka 1985 iliwaruhusu watu kuingia kule kwa miguu na kwa farasi ili wajiburudishe, na majaji wamesema kulala chini ya nyota nako ni kujiburudisha. Mume na mke wenye ardhi kule, waliopinga, wameshindwa. Hukumu ilitoka Jumatano, tarehe 21 Mei 2025. Jumamosi yake, sisi wa Saltley, Birmingham, tukapanda treni kwenda milimani, na mimi nilikuwa na moyo mkunjufu kwelikweli.

*

Mwanaharakati wa Kenya, Boniface Mwangi, kaachwa Ukunda. Mwenzake wa Uganda, Agather Atuhaire, kaachwa Mutukula. Walikwenda Dar es Salaam kwa ajili ya kesi ya mwanasiasa wa upinzani Tundu Lissu, wakakamatwa. Viongozi wetu wasituhubirie tena Afrika Mashariki moja kabla hawajatueleza siku zile za katikati, walipokuwa kizuizini.

*

Sasa milima yenyewe. Kikundi chetu kina watu wa Lamu, Bukavu, Mwanza na Kismayu, na mzee mmoja wa Kampala ambaye nitafika kwake. Wengi tunaishi kati ya Alum Rock Road na Washwood Heath Road, na wengi hawakuwahi kulala nje ya mji tangu waingie nchi hii, isipokuwa kwa harusi au msiba. Kituo cha treni cha Saltley kilifungwa mwaka 1968, kwa hiyo tunapandia Adderley Park, tunabadilisha New Street, tunabadilisha tena Shrewsbury, kisha Church Stretton. Ukishuka hapo mlima unauona mbele yako: Long Mynd, mgongo mrefu wa mawe ya zamani mno, yaliyokuwepo kabla hakujawa na mnyama wa kukanyaga nchi kavu.

Kwenye treni Bi Mkubwa wetu wa Lamu aliuliza, "Huko yuu kuna nni, mwanangu?"

Nikamjibu, "Hakuna kitu, bibi. Tunapanda, tunatazama, tunashuka."

Akafikiri. "Basi na twende tukatazame."

Swali lake ni zito. Kwetu watu wametembea masafa makubwa, lakini walitembea na mzigo. Wapagazi wa Bagamoyo walikwenda hadi Ujiji, wakarudi na pembe mabegani. Leo hii Kilimanjaro hupandi bila kiongozi na ada, na Watanzania wengi wanaoupanda wanaupanda wakiwa wamebeba mahema ya wageni. Mtu ambaye babu yake alitembea hivyo ana haki ya kuuliza kwa nini apande mlima bila shughuli. Jibu langu ni kwamba kutembea bila mzigo ni starehe tuliyonyimwa muda mrefu, na tunastahili kuidai.

Hapa ndipo ninapolirudia jambo langu la kila siku, na nitalirudia hadi mhariri anizuie: njia za miguu. England na Wales zina zaidi ya kilometa 200,000 za njia za umma. Zinapita katikati ya mashamba, nyuma ya nyumba za watu, kati ya zizi na ghala. Mkulima akilima juu ya njia inayokatiza shamba lake, anatakiwa airudishe, angalau upana wa mita moja, na mazao yasiifunike. Kwenye ramani za Ordnance Survey, zile za Explorer, utaziona kama vistari vya kijani. Kwenye nguzo utaona mshale wa manjano. Hakuna tiketi wala wa kuombwa ruhusa.

Kijana wetu wa Bukavu alisimama kwenye geti la shamba, hataki kupita. "Hapa ni kwa mtu, kaka. Tutafukuzwa." Nikamwonyesha kistari kwenye ramani, nikamwonyesha mshale kwenye nguzo. Tukapita. Mama mwenye shamba alikuwa na ndoo mbili mikononi. Alitusabahi akaendelea na kazi yake. Baada ya geti lile kijana alitangulia mbele ya kundi zima, akawa ndiye anayesoma mishale hadi jioni.

Haki hii haikushuka kutoka kwa mabwana wenye ardhi. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya watu wa viwandani waliingia kwa makusudi katika mlima wa Kinder Scout, uliokuwa umefungwa kwa ajili ya uwindaji wa ndege. Aliyewaongoza, Benny Rothman, alikuwa kijana makanika wa miaka 20 kutoka Manchester, mtoto wa wahamiaji Wayahudi wa Romania. Watano walifungwa jela, naye akiwamo. Sheria ya mbuga za taifa na njia ikapatikana mwaka 1949, na ya kutembea huru kwenye nyika mwaka 2000, lakini hata hiyo inagusa asilimia 8 tu hivi ya ardhi ya England. Long Mynd yenyewe iliangukia mikononi mwa National Trust mwaka 1965 kwa michango ya watu. Ninayataja haya kwa sababu tunaambiwa mara kwa mara kwamba mashambani ni kwa wenyewe. Nakubali. Na wenyewe ni pamoja na mtoto wa wahamiaji aliyekwenda jela kwa ajili ya haki hii, na kila anayetembea leo juu ya njia ile.

Tunakumbuka Krismasi ya 2021, kikundi cha Muslim Hikers kilipopanda mlima wa Mam Tor, zaidi ya watu mia, kisha wakatukanwa mtandaoni kwa picha tu za watu wenye furaha. Sisi hakuna aliyetutukana. Tulitazamwa sana, hasa sufuria la pilau lilipoingia jikoni mwa hosteli tuliyolala. Wanakikundi wengine walitaka tupunguze sauti, tupike chakula kisichonukia. Mimi nilipinga, na bado napinga. Salamu tutatoa, uchafu tutaokota, mageti tutayafunga nyuma yetu ili kondoo wasitoke. Harufu ya bizari nyembamba haimdhuru mtu. Usiku wanandoa wawili wa Kizungu walikuja na sahani zao.

Juu kabisa panaitwa Pole Bank, mita 516. Upepo ulikuwa mkali kiasi kwamba mitandio ilishikwa kwa mikono miwili. Mzee wetu wa Kampala aligeukia magharibi, kwenye milima ya Wales, akanyoosha fimbo.

"Kule nyuma ya milima ile. Tonfanau."

Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90. Wapatao 28,000 walikuja Uingereza, na wengi wao walipelekwa kwanza katika kambi za zamani za jeshi, mbali na miji. Tonfanau, kwenye pwani ya Wales, ilipokea zaidi ya watu elfu moja. Mzee alikuwa kijana mdogo. Uingereza yake ya kwanza ilikuwa bahari ya kijivu, kondoo, na upepo huuhuu. Akasema watu wa kijiji walileta makoti, na kwamba mama yake hakutoka nje ya jengo la kambi kwa kuogopa kupotea. Baadaye ikaja Birmingham, kiwanda, nyumba, watoto, na hakuna aliyemwambia kwamba njia za mashambani ni zake pia. Nusu karne imepita. Alisimama pale muda mrefu, nasi tukasimama naye, na hakuna aliyetoa simu kupiga picha.

*

Magharibi iliingia saa tatu na dakika kumi hivi usiku, na alfajiri kabla hujageuka ubavu. Tuliswali kwenye majani. Kondoo walitupisha.

*

Mahamri yaliyokaangwa Saltley Ijumaa yalikuwa laini bado Jumapili. Bi Mkubwa anasema ni tui.

*

Kwa vijana wetu wanaosema kutembea kwa makundi ni mambo ya wastaafu: tarehe 10 Februari 1972 maelfu ya wafanyakazi wa viwanda vya Birmingham waliacha mashine, wakaandamana kwa miguu hadi Saltley kuwaunga mkono wachimba makaa waliogoma. Polisi wakafunga lango la ghala la koka, mkaa wa viwandani. Ni hapahapa, mtaani kwenu.

*

Vyoo. Ukitaka wazee watembee, fungua vyoo vya vituoni, Jumapili na sikukuu pia. Wanawake wawili wa kikundi chetu hawakunywa maji tangu asubuhi kwa hofu ya safari ya kurudi. Hili linanikasirisha kuliko upepo na mvua.

*

Tumerudi Jumatatu tukakuta mifuko ya taka palepale. Mgomo wa wazoa taka ulikuwa na miezi zaidi ya miwili wakati huo. Panya walitembea mchana.

*

Jumatano jioni habari ikaja kwamba mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o ametutoka, miaka 87. Nilikuwa nasafisha matope kwenye buti, nikaziacha. Alisoma Leeds miaka ya sitini, na huko, kwenye baridi ya kaskazini, aliandika riwaya yake juu ya Kenya inayongoja uhuru. Baadaye akafungwa Kamiti bila kesi, akaandika Kigikuyu kwenye karatasi za chooni. Maisha yake yote aliuliza ardhi ni ya nani. Kila anayeandika kwa lugha ya mama yake, nami nikiwamo, ana deni kwake. Mungu amrehemu.

*

Mabucha ya Alum Rock Road yalikuwa yameanza kuandikisha wa kuchinja. Idi ilikuwa wiki iliyofuata.

*

Matembezi yajayo ni Lickey Hills, siku moja tu, kwa basi. Tunakusanya buti za kuazimana, kwani buti mpya ni ghali na hatutaki mtu abaki nyumbani kwa sababu hiyo. Zenye soli nzima tu. Za wanaume zimetosha. Tunahitaji za wanawake na za watoto.