Bei ya Nyumba Si Bei: Tuonyesheni Jumla!

Leo naacha kidogo mambo ya simu na programu, ingawa kuna kikokotoo kimoja nitakigombeza mpaka mwisho.

Fungua tovuti za kuuza nyumba hapa Nairobi. Nyingi zinafanana: picha za kuvutia, maegesho, lifti, na namba moja nene, tuseme Sh6,000,000. Chini yake kuna kikokotoo cha mkopo. Weka amana, weka miaka, bonyeza, upate malipo ya kila mwezi. Lakini namba inayoamua kama utapata nyumba au utakwama njiani, yaani pesa taslimu unazohitaji mpaka hati iandikwe jina lako, haipo. Nauliza: kompyuta imeshindwa kujumlisha?

Basi tujumlishe wenyewe. Fleti ni ya Sh6,000,000, benki inakukopesha 80%, yaani Sh4,800,000. Amana yako ni Sh1,200,000. Halafu:

1. Ushuru wa stempu, 4% mjini: Sh240,000.
2. Wakili wako, kwa viwango vya 2014: 2% ya milioni 5 za kwanza na 1.5% ya milioni inayobaki, jumla Sh115,000. Ongeza VAT ya 16%, inakuwa Sh133,400.
3. Ushuru wa stempu wa kusajili rehani ya benki, 0.1% ya mkopo: Sh4,800.
4. Ada ya benki ya kuandaa mkopo. Tuseme 1%: Sh48,000.

Hiyo ni Sh426,200 juu ya amana. Na bado hujamlipa mthamini, bima, wala wakili wa benki. Naam, wakili wa benki hulipwa na wewe mkopaji!

Kwa nini nakasirika? Kwa sababu mikataba mingi humtaka mnunuzi alipe 10% siku ya kutia sahihi na kumaliza salio ndani ya siku 90. Ukikosa hizo laki nne mwishoni, unapewa ilani, na ilani ikiisha muuzaji anaweza kubaki na ile 10%. Kwa fleti yetu ni Sh600,000. Hiyo ni akiba ya SACCO ya miaka mingi, inapotea kwa sababu kikokotoo kilinyamaza.

Dalali atasema, "Nikionyesha jumla, wateja watakimbia." Vizuri! Anayekimbia leo akiwa na akiba yake ni afadhali kuliko anayekwama siku ya 89. Na asiyekimbia atakuja mezani akijua anachokijadili.

Hapo ndipo penye kosa kubwa la mazoea yetu. Wanunuzi wa kwanza hujadili bei peke yake, kama nyanya za Gikomba. Tazama. Ukimshusha muuzaji Sh200,000, amana yako inapungua Sh40,000, ushuru wa stempu Sh8,000, na wakili pamoja na VAT Sh3,480. Hizo tatu zinakuokolea Sh51,480 taslimu. Zilizobaki zinapungua kwenye mkopo, utazihisi polepole kwa miaka ishirini. Lakini muuzaji akikubali kuacha bei ilivyo na kulipa Sh200,000 za gharama zako, umebaki na Sh200,000 mfukoni sasa hivi. Ni kweli utalipia riba mkopo ule mkubwa zaidi, kwa hiyo mwenye pesa za kutosha ashushe bei. Aliyebanwa na taslimu aombe gharama. Kwa vyovyote makubaliano hayo yaandikwe wazi kwenye mkataba na benki ijue. Mambo ya pembeni hayafai.

Lazima pia ujue kinachosogea na kisichosogea. Ushuru wa stempu hausogei. Anayekushauri kuandika bei ya chini anakupeleka kwenye kosa la jinai, tena la bure, maana mthamini wa serikali akiona thamani ni kubwa zaidi, ushuru unafuata thamani yake. Wakili naye haruhusiwi kushuka chini ya kiwango cha sheria. Lakini ada ya benki inajadilika. Uliza benki tatu na upate majibu kwa maandishi. Tarehe za malipo zinajadilika. Hata jiko, kabati na tangi la maji vinajadilika.

Kuna mizigo ambayo si yako kabisa. Kodi ya faida ya mtaji, ambayo ni 15% ya faida tangu Januari 2023, ni ya muuzaji. Madeni ya kodi ya ardhi ya kaunti na ada ya huduma ya kabla hujanunua ni yake pia. Akijaribu kuyaingiza kwenye hesabu yako, yatoe. Na usidanganywe kwamba kila mnunuzi wa kwanza amesamehewa ushuru wa stempu. Msamaha wa 2018 ni kwa wanunuzi wa kwanza wa nyumba zilizo chini ya mpango wa nyumba nafuu. Fleti ya kawaida ya mtu binafsi haimo.

Kwa hiyo, kabla ya kutamka bei yoyote, fungua lahajedwali. Safu moja bei, safu ya pili gharama, safu ya tatu nani analipa. Fanya utafutaji wa hati kwenye Ardhisasa. Toa pendekezo lako kwa maandishi, ukisema linategemea mkataba na mkopo kuidhinishwa. Na amana isiingie M-Pesa ya dalali. Ikae kwa wakili, kwa masharti yaliyoandikwa.

Nanyi wenzangu mnaoandika programu za tovuti hizi: viwango vya sheria vinajulikana, na vingine mteja anaweza kujaza mwenyewe. Kujumlisha ni mistari michache tu. Mkiweza kuonyesha riba ya miaka ishirini kwa kubonyeza mara moja, mnaweza kuonyesha gharama za siku 90. Mwenye tovuti akikataa, mwulizeni anamficha nani.

Mpaka siku hiyo, mnunuzi, kila ukitajiwa bei jibu kwa neno moja: jumla?